Kanda ya Sita

"Pasi imepata moto?"

"Imepata."

"Basi nyoosha. Usibakize mkunjo hata mmoja."

Redio, ndogo kama kifungo cha ukosi, ikakatika.

Sindano alivuta pumzi, akabeba sanduku lake la vifaa, akaingia hotelini kwa mlango wa nyuma. Ovaroli ya bluu. Kofia. Kitambulisho cha fundi wa viyoyozi, kimechakaa vizuri kuliko cha kweli. Nje vijana walikuwa juu ya ngazi wakifunga bendera. Kesho ilikuwa sikukuu ya uhuru.

Mlinzi alimpekua mpaka soksi.

"Simu?"

Akampa.

"Siku hizi viyoyozi vinatengenezwa na akina dada?"

"Na milango inalindwa na vitambi, kaka. Dunia imebadilika."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mlinzi, uso umemvimba, akachomoa sandukuni kitu kizito chenye sura ya pasi. "Na hii? Unakwenda kupiga pasi nguo za wageni?"

"Ya kupimia gesi. Usiisogeze karibu na saa yako, itasimama, halafu unilaumu bure."

Akairudisha upesi kama aliyeshika kaa la moto.

Kuhusu saa hakudanganya. Ile ilikuwa sumaku. Ukiipitisha juu ya kanda ya sauti au mashine yenye kumbukumbu, inakuwa bubu milele.

Lifti. Ghorofa ya saba.

Aliyekaa huko, ofisini kwao, idara ya ujasusi, walimwita Mkusanyaji. Mgeni, viatu vya ngozi laini, Kiswahili kilichonyooka kama rula, na pasipoti ya kidiplomasia. Hiyo pasipoti ndiyo iliyokuwa ngao yake. Polisi hawakukanyaga chumbani kwake. Masanduku yake yalipigwa lakiri na hayakufunguliwa na mtu. Na ndani ya chumba hicho alikuwa na kanda sita zilizoibwa katika hifadhi ya taifa, pamoja na mashine iliyolishwa kanda hizo mpaka ikajua kusema kama mwanamke aliyerekodiwa humo.

Nchi nzima ilimjua mwanamke huyo kwa jina la Mama wa Ukutani.

Wakati wa kupigania uhuru alifungwa gerezani, na humo akatunga utenzi. Hakujua kuandika, na hata angejua, karatasi ilikuwa marufuku. Aliutunga kichwani, akawafundisha wafungwa wenzake kwa minong'ono kwenye foleni ya maji. Usiku walikumbushana kwa kugonga ukuta. Mizani moja, pigo moja. Mapigo manane kwa kila kipande, ili asipotee mtu njiani. Uhuru ulipopatikana alikaa mbele ya kinasa sauti akasimulia yote, kumbukumbu na utenzi, akigonga meza kama alivyozoea kugonga ukuta. Walisema kitatoka kitabu. Hakikutoka. Watu walibaki na ubeti mmoja tu, ule ulioimbwa shuleni:

*Walifunga madirisha,*
*Na taa wakazimisha,*
*Usiku haukutisha,*
*Tuliwasha vifuani.*

Wenzake wa ukutani walizikwa mmoja mmoja. Yeye alibaki, lakini kiharusi kilimnyang'anya maneno yote.

Sasa mashine ilikuwa imemtungia kumbukumbu mpya. Kesho asubuhi, watu wakiwa wamejaa uwanjani, sauti yake ingetoka redioni ikisema kwamba watu wa milimani ndio waliowauza wapigania uhuru, na kwamba damu ile bado inadai. Nani angebisha? Mama wa Ukutani kasema. Kufikia adhuhuri mapanga yangekuwa nje, na waliomtuma Mkusanyaji wangeingia kupatanisha na kuchukua migodi.

"Kwa nini mimi?" Sindano alikuwa amemuuliza mkuu wake, mama mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumaliza siku bila kukaripiwa naye.

"Kwa sababu huenda kanda za humo ni za kututega, na za kweli ziko kwingine. Lazima tujue leo. Ni wewe tu unayeweza kusikiliza na kusema, huyu ni yeye, huyu siye."

"Nikizikuta, siwezi kutoka na moja?"

"Utoke nayo wapi, na mlango wenyewe unapekuliwa mpaka soksi? Ukishikwa nayo, wameipata tena. Nusu dakika ya sauti inawatosha kuanza upya. Zote, binti. Zote." Kisha Shangazi akainamisha macho, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Nisamehe, mwanangu."

Mama wa Ukutani alikuwa mama mzazi wa Sindano.

Mkusanyaji mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa tangu asubuhi, na mkono wa Shangazi ulikuwa na habari kuhusu kifo hicho.

"Shukrani za dhati, fundi. Joto hili ni hasimu wa mitambo."

"Hasimu mkubwa, mzee."

Simu yake ikalia. Akatoka kibarazani, akavuta mlango wa kioo nyuma yake, akaendelea kuongea mgongo ukiwa ndani.

Sindano akaiona mashine. Boksi jeusi, feni yake ikihema. Ilikuwa ikisema kwa sauti ya chini, ikijisikiliza.

"...wanangu, msiwasamehe hao..."

Nywele zikamsimama. Ilikuwa sauti ya mama yake, ile ya kabla ya kiharusi, na ile mikwaruzo ya mwishoni mwa neno. Lakini haikugonga. Mafundi wa Mkusanyaji walidhani yale mapigo ni kelele za meza. Wakayasafisha.

Akapitisha pasi juu ya boksi, polepole, kama anayenyoosha kanzu ya mtoto.

"...msiwasa..."

Kioo kikawa cheusi.

Sasa kanda. Juu ya meza palikuwa na Nagra ya zamani, mashine ya kuchezea kanda, na kando yake sanduku la lakiri likiwa wazi, makopo sita ndani. Akavaa visikizio vyake, akaweka kanda ya kwanza. *Ngo, ngo, ngo.* Ni yeye. Pasi. Ya pili. *Ngo, ngo.* Ni yeye. Pasi. Ya tatu mama alikuwa akicheka. Pasi. Ya nne. Ya tano. Mkono ulifanya kazi. Moyo aliuacha nje, kama mtu anavyoacha viatu.

Kanda ya sita.

Mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Shh, mama, shh," ilisema sauti. "Nani kakuonea? Ngoja nimalizie ubeti wako, kisha unyonye."

Sindano akashika ukingo wa meza.

Ubeti wake. Hakujua kama ana ubeti. Mara ngapi alimwambia mama, nikipata nafasi nitakuja tuuandike wote? Nafasi haikupatikana. Kiharusi ndicho kilichopata nafasi.

"Shangazi," alinong'ona. "Unasikia?"

"Nakusikia wewe tu. Kidude hicho kinashika mtetemo wa koo lako, si kingine. Kuna nini?"

"Basi."

*Mwana usinililie,* ilisema kanda, na mapigo manane yakafuata. *Nikifa unisikie.* Manane tena. *Gonga nami n'itikie...*

Mlango wa kioo ukafunguka.

Mkusanyaji akasimama. Akaiona mashine iliyokufa. Akaona machozi ya fundi. Akainamisha kichwa, akasikiliza kilio chembamba kinachovuja kwenye visikizio. Alikuwa mwepesi, kwa hilo lazima asifiwe.

"Anayelia humo ni wewe," alisema taratibu.

Mtoto alikuwa ametulia. Sasa angenyonyeshwa.

"Ichukue. Nitakushusha mwenyewe mpaka mlangoni, hakuna atakayekupekua. Mama yako atakughania mpaka uzeeke. Mimi nitasema ziliharibika zote." Akanyoosha mikono mitupu. "Nani asiyemtaka mama yake?"

Alimtaka. Alimtaka kama mtoto anavyotaka titi. Na alijua kwamba mtu huyu hakuwahi kutoa kitu asichojua njia ya kukirudisha.

Kwenye kanda mama yake akavuta pumzi, tayari kwa kipande cha mwisho.

Nusu dakika inatosha.

Sindano akashusha pasi.

Kwanza mchakacho, kama mvua ya mbali. Kisha hata mvua haikuwepo.

Mkusanyaji akafungua kinywa kuwaita walinzi. Hakuita. Kalamu yenye dawa ya usingizi ilikuwa imeshamchoma shingoni, na magoti yake yakamwachia kabla ya sauti. Sindano akamdaka, akamkalisha kitini, akamrekebishia tai. Akazirudisha kanda kwenye makopo yake, moja moja, akafunga sanduku lenye lakiri.

"Safari njema, mzee. Kimya hakina ushuru."

Kisha akakitengeneza kiyoyozi. Kikaanza kupuliza baridi safi.

"Kimepona?" aliuliza mlinzi wa kitambi, akimrudishia simu.

"Kimepona. Mgeni wako amepata usingizi, msimsumbue."

Barabarani akabonyeza redio. "Nguo zimenyooka."

"Zote?"

"Zote."

Shangazi akauliza: "Na mpiga pasi?"

"Ameungua. Kidogo tu."

*

Asubuhi redio ya jirani ilipiga bendi ya matarumbeta, hotuba, bendi tena. Hakuna lililotokea. Watu wa milimani na watu wa mabondeni walisukumana uwanjani kugombea kivuli, wakatukanana kwa utani, wakarudi makwao.

"Karibu, mgeni wetu," dada yake mkubwa alimpokea mlangoni, kitambaa cha vumbi begani. "Ofisi yako ya bima wamekuachia leo?"

"Wameniachia kidogo, dada."

"Bima gani hiyo inavimbisha macho? Haya, ingia. Ameamka vizuri."

Mama alikuwa ameegemezwa mito, kitanda kimesukumwa ukutani ili asianguke. Mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Wa kushoto bado ulikuwa wake. Sindano akakaa sakafuni, akalaza shavu kwenye shuka.

"Mama, nimesikia ubeti wangu."

Macho yakageuka.

"*Mwana usinililie. Nikifa unisikie. Gonga nami n'itikie.*" Akameza mate. "Cha nne sikukipata, mama. Najua kinaishia kwa *ni*, kama beti zote. Zaidi ya hapo sijui. Mtu alinikuta, na mimi... Nisamehe."

Midomo ya mama ikahangaika. Ikafunguka, ikajikunja, ikatafuta. "Ma," ilisema. "Ma... ma..." Kilichotaka kutoka kilikuwa kamili kichwani mwake, kila mizani mahali pake, na mlango wa kutokea haukuwepo. Chozi likamteremka upande mmoja wa uso. Sindano akalifuta kwa kidole gumba, kama ambavyo na yeye alifutwa zamani.

Nje honi ikalia. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Gari liko mlangoni," alisema Shangazi. Kwa mara ya kwanza aliongeza, "Ukiweza."

"Nakuja."

Akambusu mama kwenye paji la uso, akatoka ukumbini, akainama kufunga viatu. Kati yake na kitanda palikuwa na ukuta tu. Akautazama. Akajiona mjinga. Akaugonga.

*Ngo.*

Dada yake, aliyekuwa akikung'uta mkeka, akasimama.

Kisha upande wa pili, dhaifu, kwa mkono wa kushoto: *ngo, ngo, ngo, ngo, ngo, ngo, ngo, ngo.*

Kipande kizima. Hakikuwa na neno hata moja.

Sindano akaweka kiganja ukutani mpaka pigo la mwisho likaisha kutetema. Kisha akavaa miwani yake ya jua, akatoka, akatembea taratibu kuelekea kwenye gari, kama mtu yeyote wa bima anayewahi kazini.