Wasifu wa Themanini na Saba

Kompyuta ya steshenari ikijaa, unahamisha mafaili kutoka draivu C kwenda D, basi. Kazi ya dakika tano, haihitaji sala. Agness, mchapaji wa duka moja pale Musoma mjini, aliijua ile folda vizuri: wasifu wa marehemu, zile karatasi zinazosomwa makaburini. Zilitoka C zikiwa themanini na sita. Zikafika D themanini na saba.

Akafungua iliyozidi. "Wasifu wa marehemu Skolastika Boke, wa Mugeta."

Mama yake mzazi, ambaye asubuhi hiyohiyo walikuwa wameongea naye kwa simu.

"Lameck! Utani gani huu wa kishenzi?"

Lameck wa fotokopi akaja, akasoma. "Haki ya Mungu, dada, sio mimi."

Agness hakumwamini hata chembe. Nani mwingine anagusa mashine hii? Akaifuta. Akahesabu: themanini na saba. Akaifuta tena, akaifungua tena, na sasa harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka chini ya meza, na pale kwenye tarehe ya kifo, palipokuwa wazi, tarakimu zikaanza kujiandika moja moja, polepole, mpaka ikatimia tarehe ya leo, na muda wote huo mikono ya Agness ilikuwa mapajani.

Lameck naye aliona. Akanong'ona, "Dada, ukiandika wasifu mpya unaanzaga wapi?"

"Nafungua wa zamani, nabadilisha jina."

"Upi?"

"Wa kwanza kabisa ulikuwa wa mzee Bernado wa Murangi."

"Huyo Bernado, wake uko wapi?"

Haukuwepo. Siku ile Agness alisahau kuhifadhi faili kwa jina jipya, akaandika marehemu mwingine juu yake. Ndugu wa Bernado walipokuja kuuchukua, akawaambia umeme ulikatika. Bernado akazikwa bila kusomewa, na maneno yake, mvuvi mpole, mpenda kwaya, yakagawiwa watu themanini na sita ambao wengine, jamani, hata kuimba hawakujua. Uvivu mbaya!

"Muandikie," Lameck akasema. "Umsomee."

Akamwandikia huku analia, akisoma kila mstari kwa sauti. "Nisamehe, baba. Muache mama yangu." Alipomaliza, harufu ikakatika. Akahesabu: themanini na saba, ila jina la mama halimo, limo la Bernado. Akamkumbatia Lameck, akamwomba radhi kwa kumshuku.

Simu ikaita. Mama.

"Agness mwanangu, kuna mzee amefika hapa nyumbani. Mstaarabu kweli, nimempa kiti. Anaitwa Bernado. Anasema umemwandikia vizuri, anashukuru."

Agness akaigeukia kompyuta.

"Sasa anauliza," mama akaendelea, "eti wasifu wangu umeshauprinti?"