Sanda ya Dhiraa Konde

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya maghorofa Mzamil alipotumwa ubani. Mamake, Bi Thureya, hapitishi magharibi bila kufukiza nyumba, na jioni hiyo kijaluba cha ubani kilikuwa kitupu. Mzamil akavaa makubadhi, akatoka kuelekea Ndia Kuu kwa Jamaldin, muuza ubani na manukato.

Jamaldin alimfungia ubani katika kipande cha karatasi, huku mdomo wake ukifanya kazi kuliko mikono.

"Leo umeuza, yakhe. Nimeona kijana katoka kwako na furushi."

"Sanda," alijibu Mzamil.

"Basi shukuru. Siku hizi anayevaa nguo mpya mji huu ni maiti peke yake."

Mzamil alicheka kidogo, kicheko cha adabu tu. Maneno yale yalikuwa na ukweli. Miezi mingi sasa watu walikuwa wakiingia dukani kwake, wakishika kitambaa, wakikisifu, kisha wakikirudisha kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto. Duka lile la nguo, lililo kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, lilikuwa limetoka kwa babu likaja kwa baba, na kwa baba likaja kwake. Hakutaka lifie mikononi mwake.

Duka hilo lilikuwa na desturi moja iliyojulikana mji mzima. Nguo nyingine zote zilipimwa kwa mti wa mita, ufito wa chuma uliotundikwa ukutani. Lakini sanda haikupimwa kwa chuma. Ilipimwa kwa mkono wa mwenye duka, kwa dhiraa, kama walivyopima wazee. Watu waliipenda desturi hiyo. Walisema kwa kina Mzamil maiti hapimwi kama bidhaa. Hupimwa kwa mkono wa binadamu mwenzake.

Sasa, dhiraa ni mbili. Iko dhiraa kamili, toka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Na iko dhiraa konde, toka kiwiko hadi kwenye ngumi. Mnunuzi hutarajia ile ya kwanza. Mzamil alifundishwa ya pili.

"Kunja vidole, mwanangu," baba yake alimwambia zamani, alipokuwa akimwelekeza kazi. "Maiti haoneshwi kidole."

Naye akakunja, akidhani ni heshima. Akakunja kwa miaka. Kisha siku moja, akipangusa vumbi kwenye ule mti wa mita, aliuweka mkono wake kando yake, akakunja vidole, akavikunjua, akavikunja tena. Akaitazama tofauti iliyokuwapo. Akautundika mti ukutani, na jambo lile hakumwambia mtu. Yapo mambo ambayo mtu huyajua, lakini akajificha hata nafsi yake isimwone akiyajua.

Yule kijana wa furushi aliitwa Tsuma, mchukuzi wa mizigo huko Shimanzi. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, na angezikwa baada ya Isha. Alasiri hiyo alisimama dukani na macho mekundu, akataja dhiraa alizoagizwa na mwosha, akainamisha kichwa. Hakuutazama mkono. Mzamil alipima, akachana bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, akaikunja vizuri.

"Mungu akulipe, kaka," Tsuma alisema.

Maneno hayo Mzamil alikuwa bado anayasikia alipotoka kwa Jamaldin na ubani wake. Akaona bora apitie dukani aitazame kufuli, kwa kuwa palikuwa karibu.

Kufuli ilikuwa palepale. Imefungwa.

Lakini ndani ya duka, kitu kilikuwa kikichanika.

Chrrrraaa...

Kimya.

Chrrrraaa...

Mtu aliyekulia dukani haikosei sauti ya bafta. Mzamil alidhani ni mwizi. Akafungua kufuli polepole, akasukuma ubao mmoja wa mlango. Kilichomjia kwanza ni harufu. Harufu nzito, ya mafuta na moshi, kama nazi iliyokaushwa juu ya dari la jikoni. Harufu ya mbata. Duka lake halikuwahi kuuza mbata.

Kwenye benchi la wateja alikaa mwanamke mzee. Alivaa hando, ile sketi nyeupe ya marinda waliyovaa wanawake wa Rabai enzi za mabibi. Magotini alipakata kikapu. Miguu yake haikuwa na viatu. Ilikuwa na rangi ya majivu, na katikati ya vidole palikuwa na udongo mbichi.

"Nimeleta mbata, mwanangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kusumbua.

Mzamil alisahau kuuliza ameingiaje. Alisema lile ambalo ulimi wake ulizoea kusema. "Duka limefungwa, mama."

"Si nyingi. Nataka kipande tu. Cha miguuni."

"Miguuni mwa nani?"

Mwanamke alimtazama Mzamil mkono wa kulia, akautazama kwa muda mrefu, kama kwa huruma.

"Fungua mkono," akanong'ona.

Mzamil akauangalia mkono wake. Ulikuwa umefumba ngumi. Hakukumbuka kuufumba. Akajaribu kuvikunjua vidole, visikunjuke. Akavishika kwa mkono wa kushoto, akavivuta... Vilikuwa baridi na vigumu, kama vya mtu aliyekwisha kuoshwa.

"Fungua mkono, baba. Jua limekuchwa, nao wamekwisha kuchimba."

Adhana ya magharibi ikaanza. Mzamil akageuza uso mlangoni mara moja tu, kama mtu anayetafuta msaada. Alipourudisha, benchi lilikuwa tupu.

Sakafuni palikuwa na nyayo za udongo. Zilitoka ukutani, chini ya ule mti wa mita, zikaja hadi kwenye benchi.

Hazikurudi.

Mzamil alifika nyumbani akihema. Bi Thureya alikuwa kwenye msala wake wa kusalia, chetezo cha kufukizia kikimngoja kando. Hakuuliza ubani uko wapi. Alinyanyua pua.

"Nani kaleta mbata nyumbani humu?"

Kisha akaiona ngumi ya mwanawe. Halafu akamwambia akae chini, akamweleza, akiwa ameinamia chetezo ili wasitazamane.

Hili duka, alisema, halikuanzia Mombasa. Lilianzia kijijini, upande wa Rabai, kibanda cha makuti kando ya njia ya kisimani. Babu yake Mzamil aliuza chumvi, mafuta ya taa, majembe na bafta, na wanakijiji wakamlipa kwa mbata, wakizimwaga mkekani mbele ya mlango. Ikaja miaka ya dhiki, kabla ya ile vita kuu ya pili. Huko ng'ambo biashara zikaanguka, na wanunuzi wa Mombasa wakawa hawaitaki mbata hata bure. Kijijini watu wakala muhogo usio na chumvi. Sindano moja ikazunguka nyumba hadi nyumba. Njiti ya kiberiti ikapasuliwa ikawa mbili.

"Wenye maduka wenzake wa vijiji jirani walipandisha bei, wakalaaniwa," alisema Bi Thureya. "Babu yako hakupandisha. Alifupisha mkono. Wakamsifu."

Na nguo ya kuvaa ikiwa fupi, mtu huvumilia. Lakini mwanamke mmoja alinunua bafta ya kumzikia mumewe, na miguu ya maiti ikabaki nje. Akarudi dukani na kikapu cha mbata, akaomba aongezewe kipande. Watu walikuwa wengi barazani. Babu alijua kwamba akimpa, wote watafahamu. Akamwambia mbele yao: kama sanda ni fupi, mkunjeni maiti. Watu wakacheka. Mwanamke akainua kikapu chake, akaenda zake. Mwaka haukwisha, naye akafa, akazikwa kwa bafta ya duka lilelile, kwani jingine halikuwapo.

"Babu yako alipofariki, tulimpimia sanda kwa mita," mamake alisema. "Tukapima tena. Haikufika miguuni."

"Na baba?"

Bi Thureya alipuliza makaa. Majivu yakaruka.

"Mimi nililishwa na mkono ule," alisema baadaye. "Wewe ulisomeshwa nao. Ndiyo maana sikusema. Leo umeuza sanda, sivyo? Wamekwisha kuzika?"

"Baada ya Isha."

"Basi nenda. Usipeleke kitambaa peke yake, mwanangu. Peleka na maneno."

Mzamil alirudi dukani, akalikwapua jora zima la bafta, akaliweka begani, akaita tuktuk. Tsuma alikaa Makupa, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na ua mmoja. Uani wanaume walikuwa wameketi kwenye majamvi. Hakuna aliyekuwa akiongea ila mmoja, Mzee Gunga, kaka wa marehemu. Alikuwa amesimama mbele ya Tsuma, naye Tsuma, mtu anayebeba magunia kutwa, alikuwa amekaa chini kama mtoto aliyefanya kosa.

Mwosha alikuwa ametoka chumbani kusema sanda haifiki. Miguu inabaki nje.

"Mama ni mmoja tu," Mzee Gunga alikuwa akisema, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Alikubeba mgongoni toka Rabai. Leo unambania kitambaa."

"Nilinunua kama nilivyoagizwa, mjomba."

"Basi tuseme mama yako amerefuka miguu baada ya kufa."

Mtu mmoja pembeni aliguna, karibu acheke. Tsuma alifunika uso kwa viganja.

Hapo ndipo walipomwona Mzamil mlangoni na jora lake. Mzamil alikuwa amekuja na maneno. Njia nzima alikuwa ameyapanga: *kosa ni langu, si la kijana huyu, mkono wangu ni mfupi.* Maneno machache, mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyasoma. Akafungua kinywa. Akaona nyuso zile zote. Akaona kofia za watu anaosali nao.

"Nimeleta nyongeza," alisema. "Nilihofia huenda isitoshe."

Ua mzima ulipumua. Wakampokea jora, wakamwombea dua, wakasema watu wa duka lile wana utu toka enzi. Mzee Gunga akamshika bega Mzamil, akamgeukia mpwa wake.

"Unaona? Mwenye duka kaona haya kwa niaba yako."

Mzamil alikuwa na nafasi ya kusema hapo. Tsuma alinyanyua uso, akamtazama kwa shukrani, macho yamejaa maji. Akauchukua ule mkono wa kulia, uliofumba, akaubusu.

Mzamil aliangalia chini.

Toka chumbani, nyuma ya pazia, bafta ilichanika. Chrrrraaa... Kisha sauti ya mwosha:

"Imefika. Alhamdulillahi."

Wakati jeneza linatolewa, Mzamil alisikia vidole vyake vikilegea. Kimoja baada ya kingine vikafunguka, ila viwili vya mwisho. Hivyo vilibaki vimekunjwa.

Mpaka leo havijakunjuka. Daktari alisema ni mshipa. Jamaldin alisema ni uzee, na kwamba sasa Mzamil akipunga mkono anafanana na kaa. Mzamil akacheka naye. Sanda sasa huipima kwa mita, na wateja wa zamani husikitika, wakisema desturi nzuri zinakufa.

Lakini usiku shuka haimfiki miguuni. Amenunua ya kitanda kikubwa. Ameshona mbili pamoja. Mkewe analala upande wa pili wa shuka hiyohiyo, imemfunika mpaka vidole na nyingine imebaki. Ya Mzamil inaishia kwenye vifundo. Alfajiri miguu yake huwa baridi, na kuna siku hukuta udongo kidogo katikati ya vidole.

Mamake humuuliza, kila akifukiza: "Ulimwambia?"

Naye hujibu kwamba atamwambia.

Juzi jioni, Mzamil akiwa anapanga majora, mtu alisimama mlangoni na mwanga ukapungua. Alikuwa Tsuma. Alikuwa amekonda. Alieleza kwamba alikuwa ametoka Rabai kuzuru kaburi la mama yake, aliyezikwa huko kwao usiku ule, ingawa wajomba zake siku hizi hawali naye sahani moja. Hawajasahau habari ya ile sanda. Alisema hayo bila kulalamika. Alisema katika watu wote wa siku ile, Mzamil peke yake ndiye aliyemsitiri.

Kisha akaweka kikapu juu ya meza.

Harufu ikajaa duka.

"Nimeleta mbata, kaka," alisema Tsuma kwa sauti ndogo. "Si nyingi."

Mzamil aliivuta miguu yake chini ya kiti. Tsuma akachukua kipande kimoja, akakipangusa vizuri kwa shati lake, akamnyooshea.

"Fungua mkono," akasema.

Mzamil akajaribu.