Kifurushi Chini ya Sinki

"Faridah! Unafanya nini nyumbani kwangu?!"



Alikuwa katikati ya sebule yangu, ameshika leso yangu kuukuu iliyofungwa kifurushi... na kifurushi chenyewe kinawaka moto!

Mikononi mwake, jamani. Moto kabisa!

Akajikwaa. Kikamponyoka, kikaanguka kwenye sakafu tuliyoihangaikia mwezi mzima. Akakiokota tena kwa mikono mitupu, akakimbilia bafuni. Nikasikia maji yanafunguliwa, kisha nikamsikia analia.

Mimi sikumfuata. Niliinama kuangalia sakafu yangu.

Ngojeni kwanza niwaambie huyu Faridah ni nani, maana najua mmeshaanza kumhukumu. Hata mimi nilianzia hapo hapo.

Naitwa Wamuyu. Nafanya usafi uwanja wa ndege, huku Stockholm. Mume wangu Gitonga ni mtu wa kompyuta, ofisi yake iko Kista, upande wa pili wa jiji. Mwaka huu tulipata fleti ya zamani kule Aspudden, na tulipobandua zulia la plastiki, chini yake tukakuta mbao za mwaloni. Zilikuwa nyeusi tii kwa uchafu, lakini nzima.

"Fundi wa nini?" Gitonga akasema. "Tutazipiga msasa wenyewe."

Faridah ni Mganda, anakaa Alby, treni moja tu na kwetu. Tulikutana darasa la Kiswidi, tukawa kama ndugu. Aliposikia habari ya sakafu, akapanda treni kuja kutusaidia. Siku nikiwa zamu, yeye na Gitonga ndio waliosukuma ile mashine ya kukodi. Ufunguo nilimpa mimi, kwa mkono wangu.

Sasa siku moja nikarudi mapema. Nikawakuta wamekaa sakafuni, weupe kwa vumbi la mbao, wanakunywa chai na kucheka mpaka machozi. Mume wangu hajacheka na mimi hivyo tangu tuhamie!

Roho ikaniuma. Sikuuliza kitu.

"Faridah, vaa viatu vyako. Usirudi hapa."

"Dada, kwani nimekosa nini?"

"Unajua mwenyewe!"

Alinitazama, akainama, akafunga kamba za viatu.

"Sawa, dada."

Kwa hasira zangu nikasahau kumdai ufunguo.

Wiki iliyofuata mimi na Gitonga tukapaka mafuta ya kitani, tukisugua kwa vipande vya shuka kuukuu. Mbao zikang'aa, jamani, ungetamani kulala hapo hapo! Nilipokuwa nasoma maandishi ya mkebe, nikaona mchoro wa moto. Vitambaa vyenye mafuta yale ukivirundika pamoja, vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Bila kiberiti wala cheche!

"Gitonga, hivi vitambaa viloweke kwenye maji kabla ya kutupa."

"Wazungu nao! Wanaogopa hadi kitambaa."

Usiku nikamuuliza tena.

"Nimeshatupa, mama. Lala."

Nikalala. Kesho yake mchana ndio nikamkuta Faridah na moto mikononi.

Jirani alikuwa ameshapiga simu. Zimamoto wakaingia jikoni, kulikokuwa kunafuka moshi, na mabomba yao, polisi wakaja nyuma yao. Halafu Gitonga akatokea mlangoni, anahema, koti limefungwa vifungo ovyo ovyo.

Polisi mmoja, mwanamke, akaniuliza kilichotokea.

"Ni huyu! Nilimfukuza hapa wiki iliyopita. Ana ufunguo wangu. Alimtaka mume wangu, akamkosa, sasa amekuja kunichomea nyumba!"

Nilisema kwa Kiswidi, polepole, ili kila neno liandikwe.

Faridah alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mikono chini ya bomba. Akageuka kama amepigwa kofi.

"Banange, Wamuyu! Unajua ombi langu la uraia bado halijajibiwa. Nikiandikwa polisi kwamba nachoma nyumba za watu, nimekwisha!"

"Ungefikiria hayo kabla hujawasha!"

Polisi akamgeukia Gitonga.

"Na wewe? Unajua alikuja kufanya nini hapa?"

Gitonga akaangalia viatu vyake.

"Sijui."

Faridah akamkodolea macho. Akasubiri. Sote tukasubiri, hata polisi na kalamu yake.

"Gitonga... umesema hujui?"



Vidole vya Faridah vilishavimba, hawezi hata kushika simu.

"Wamuyu, toa simu mfukoni mwangu. Sauti ya mwisho aliyonitumia mumeo. Ibonyeze."

Nikabonyeza. Sauti ya Gitonga ikajaa bafuni.

"Faridah, tafadhali, nisaidie. Lakini usimwambie Wamuyu..."

Nikasema moyoni, haya, leo nimeyasikia kwa masikio yangu!

"...vile vitambaa vya mafuta sikutupa. Si unajua nyumbani? Mama yangu kitambaa chake cha kupigia polishi sakafu ya saruji aliweka miaka na miaka, eti kikishashiba ndio kinang'arisha. Nikaona ni hasara kutupa. Nimevifunga kwenye leso, viko chini ya sinki. Sasa mtu wa kazini ameniambia vinaweza kuwaka! Mimi niko mbali, wewe uko karibu na bado una ufunguo. Najua alikufukuza. Nakuomba, kavitoe. Wamuyu akijua nilimdanganya, sitakuwa na amani humu ndani."

Sauti ikaisha.

Mzimamoto akatoka jikoni na mlango wa kabati ulioungua. Akasema angechelewa kidogo tu huyu dada, jengo zima lingeungua.

Nikamwambia polisi afute kila nilichosema. Nilirudia mara nyingi, mpaka akanishika bega na kuniambia ameelewa.

"Nilishtuka, Wamuyu," Gitonga akaanza. "Nilikuwa nataka kusema."

"Lini? Akishafungwa?"



Wahudumu wa gari la wagonjwa walimfunga Faridah bandeji mikono yote miwili. Nikamwendea, nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma hatua moja. Akamwomba mhudumu amtolee kitu mfukoni. Ulikuwa ufunguo wangu. Ukawekwa dirishani.

"Ufunguo wenu huo, dada."

Akaondoka.

Jioni ile nikamuuliza Gitonga kitu kimoja tu. Siku ile ya chai, walikuwa wanacheka nini?

"Alikuwa ananisimulia mlivyokutana," akasema. "Ulivyoteleza kwenye barafu mbele ya darasa zima ukamvuta na yeye chini."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Sakafuni pamebaki doa jeusi, kubwa kama sinia. Tumepiga msasa, halitoki, moto uliingia ndani sana. Gitonga alileta zulia la kulifunika, nikamwambia alirudishe dukani. Hatujaachana, msiniulize sana. Lakini akisema "nimefanya", siku hizi naenda kuangalia mwenyewe.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na mdomo, mume wangu alikuwa na ukimya, na aliyeungua ni mtu aliyekuja kutuokoa. Ukiona wivu unakupanda, uliza kwanza. Na wewe unayejua ukweli halafu unaangalia viatu mwenzako akisingiziwa, jua kwamba umeshiriki!

Nimemtumia Faridah ujumbe kila siku. Namwomba msamaha, namuuliza habari ya mikono. Anasoma, hajibu.

Jana akajibu, mara moja tu.

"Chumba cha kulala mmeshapaka mafuta? Vitambaa loweka, dada."

Nimeloweka. Viko kwenye ndoo ya maji pale balkoni, na kila nikipita nachungulia.