Unyayo Kwenye Makaa

Maman Phébé alilala kifudifudi kando ya pipa lake la kupikia lutuku, pombe kali ya kienyeji, kisogo kimepasuka. Mchi wenye damu ulikuwa pembeni. Lakini Inspekta Kyabu aliinamia makaa. Nyayo za miguu mitupu zilipita katikati yake, polepole, na ngozi ya mtu ilikuwa imegandia kwenye kaa.

"Huyu hakuruka," alimwambia daktari wa uchunguzi.

Daktari alieleza kwamba pombe kali ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mara nyingi ikianzia miguuni, hadi mtu akanyage moto asiusikie. Wengine hupoteza na kumbukumbu.

Mtaa mzima ulimjua mtu wa namna hiyo: Élisha, dereva wa treni wa zamani, aliyepepesuka hata asubuhi ambayo hajanywa. Walimkuta nyumbani, miguu imefungwa vitambaa safi. Mkewe, Mwadi, alisimama mlangoni.

"Ulimuua Maman Phébé?"

"Ndiyo, chef. Minyi njo nilimuua."

Alikiri upesi mno. Kyabu akamuuliza kama anakumbuka walivyovua pamoja kule Mulongo jana. Hawakuwa wameonana maishani.

"Nakumbuka, chef. Tulipata samaki mingi."

Kyabu aliona uchungu. Mtu huyu angekubali lolote, na angeozea gerezani kwa kukubali. Askari aliyefuatana naye alikwisha kutoa pingu. Inspekta akatazama vile vitambaa safi, akamgeukia mke.

"Mama, jaji atamuamini. Ndani kule, nani atamuchunga?"

Mwadi akaketi sakafuni.

"Mumuache. Ni minyi."

Alisema alimfuata mumewe kwa Phébé, akapiga magoti kumsihi mama yule asimpe tena lutuku. Phébé akajaza kikombe, akamwita Élisha akichukue ng'ambo ya moto.

"Akapita mu moto, chef. Nikasikia harufu ya nyama yake, yeye ananyoosha tu mukono. Phébé anacheka. Njo nikakamata ile muti ya kutwangia."

Kyabu mwenyewe alimfunga Mwadi pingu, na kazi yake ikamchukiza. Élisha aliuliza mkewe anakwenda wapi.

"Ku soko," Mwadi alimjibu.

Kabla hawajatoka uani Élisha akauliza tena. Hapo Mwadi akalia.

"Chef, kila siku mumuangalie miguu. Ikianza kuoza, yeye hatasikia."