Aliyeita Kutoka Duka Tupu

Harufu ya udongo uliolowa ilianza mchana, ndani ya jumba la maduka la Wachina kule Al Rayyan, kando ya Doha, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Winfred, mlinzi wa ghorofa ya chini, aliifuata hadi kwenye duka tupu lililofungwa kwa mlango wa chuma. Mbele ya mlango palikuwa na bakuli la tambi, bado za moto.

"Nani tena ameacha chakula hapa?" akafoka. Reuben, msimamizi wake, alishamwonya kuhusu uchafu mahali pale.

Bakuli lilikuwa la Mama Tiffany, Mchina mwenye duka jirani la vyombo na majani ya chai. Mama yake mzazi alikuwa amefariki kwao China, naye Mama Tiffany akashindwa kwenda kumzika.

"Usiondoe, auntie," Tiffany, bintiye, akanong'ona kwa Kiingereza. "Mama anasema bibi yuko humo. Bibi anamwita."

"Tiffany, humo hamna mtu. Funguo ninazo mimi."

"Najua. Lakini hata mimi nimemsikia."

Winfred akamwendea Reuben. Reuben akasema ni mashine ya AC. Ofisi ya jumba ikasema hayo ni mambo ya Wachina wenyewe. Baba Tiffany akasema mkewe amechoka tu. Kila mtu alikuwa na jibu, hakuna aliyekuja kusikiliza. Winfred akabaki kuondoa mabakuli peke yake, huku Mama Tiffany, ambaye sasa alikuwa hali chochote mwenyewe, akimtazama kwa chuki na mikono yake ikizidi kukonda.

Mchana mmoja, maduka yakiwa yamefungwa kwa mapumziko, Winfred aliinama kuchukua bakuli, na mlango ukakwaruzwa kutoka ndani, polepole, kama kwa kucha ndefu, kisha sauti ya kikongwe ikabembeleza kwa Kichina, ikanyamaza, ikavuta pumzi kama inayonusa, na ile harufu ya udongo ikamjaa puani mpaka akakohoa, kabla sauti ileile haijasema, kwa upole kabisa, "Winfred."

Alikimbia hadi kwa Hadijah, mfanyakazi wa usafi kutoka Uganda, ambaye marehemu babake alimfundisha kisomo cha kutoa majini.

"Si mzimu wa bibi huyo," Hadijah alisema kwa sauti ya chini. "Mama Tiffany alipomlilia mamake, kingine ndicho kilichoitika."

Kesho yake mchana Hadijah alisimama mbele ya mlango akaanza kusoma. Chuma kikatetemeka. Mama Tiffany akaanguka chini, na kinywani mwake, mwake yeye asiyejua Kiswahili hata neno, ikatoka sauti nzito: "Aliniita, nikaja. Alinilisha, nikakaa. Mnanifukuza kwa nini?"

Hadijah akazidi kusoma, jasho likimtiririka. Mama Tiffany akazinduka, akamshika Hadijah miguu, akilia kwa Kichina.

"Anasemaje?" Winfred akauliza.

Tiffany akamwinamia mamake, akasikiliza. "Anasema anajua si bibi. Anasema mkiache kikae hivyo hivyo."

Hadijah akasita. Winfred akaitazama ile mikono iliyobaki mifupa. "Soma, dada. Soma tu."

Mlango ukabonyea kwa kishindo, kisha kimya. Harufu ikatoweka.

Hakuna aliyewashukuru. Reuben aliwagombeza kwa kufanya ibada kazini bila ruhusa. Mama Tiffany akaanza kula, lakini hakumsalimu Winfred tena.

Ijumaa iliyofuata, jumba likiwa limefurika familia za Kichina, Winfred alimwona amepiga magoti kwenye maegesho, juani, mdomo karibu na mfuniko wa mtaro, akiita.

"Mama Tiffany! Inuka, tafadhali!"

Mwanamke yule akageuka. Akaweka kidole mdomoni, kumwonyesha anyamaze. Kisha chini ya mfuniko, mtu akaitika.