Kilomita Tisa Bila Bando

"Fundi, simu hii ikifa, na mimi nizikwe nayo," Nereida alisema, akaitua mezani kama mgonjwa mahututi.

Osmany aliinusa, akainua nyusi. "Nereida, hii simu inanukia bizari."

"Imeanguka kwenye sufuria ya maharage. Nilikuwa naongea na dada yangu wa Miami, ikateleza begani. Usinicheke."

Osmany alicheka. Alikuwa fundi simu kwenye sebule ya nyumba yao, mjini Holguín, Kuba, na Jumamosi ya wiki ile alikuwa anaoa. Mchumba wake, Dayamí, aliingia wakati huohuo na boksi la viatu vyeupe, bado yuko kwenye sare ya uuguzi.

"Bibi harusi huyo!" Nereida akapiga vigelegele. "Na fungate mnaenda kula wapi?"

"Baracoa, kwa pikipiki," Dayamí akajibu.

"Njia mnaijua?"

"Tutauliza watu. Simu bila intaneti ni kioo tu cha kujitazamia."

Nereida alimwangalia kama mtu aliyesikia kwamba jua linachomoza magharibi. "Kioo? Mpwa wangu Lester anazungusha watalii mpaka huko milimani, na bando hajawahi kuliona maisha yake. Hapa kwetu nani anauziwa bando? Anapakua ramani bustanini kwa kadi ya intaneti ya saa moja, basi. Akishatoka mjini simu inasema na setilaiti, inamwambia kata kushoto, kata kulia. Muulize mumeo mtarajiwa, si ndiye aliyemwekea! Lini vile, Osmany? Krismasi iliyopita?"

Bisibisi ilimtoka Osmany mkononi, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Dayamí.

Dayamí hakuiokota. "Krismasi iliyopita," alirudia polepole. "Na sisi tulipotea mwezi wa tano."

"Milimani ni tofauti, mpenzi," Osmany akasema haraka. "Miti mingi, mvua ile... setilaiti hazionekani."

Dayamí alimtazama kitambo. Kisha akaashiria kukubali kwa kichwa. "Sawa. Wewe ndiye fundi."

Kauli hiyo ilimchoma kuliko kofi. Hata mwezi wa tano alimwambia hivyohivyo.

Mwezi wa tano ilikuwa hivi. Baba yake Dayamí, mzee Eleuterio, aliwahi kuwa na mkwe aliyemchagua mwenyewe moyoni: kijana anayeitwa Yasmel. Dayamí alipoachana na Yasmel, mzee alinuna, akafunga virago, akamfuata kijana huyo kulima kahawa kwenye kitongoji cha La Yamagua, nyuma ya Sagua de Tánamo. Miaka sita baba na binti hawakusemezana. Siku moja Yasmel akapiga simu.

"Dayamí, mzee anaumwa. Anataja jina lako. Njoo Jumapili hii, usingoje nyingine."

Osmany alimpeleka kwa pikipiki yake kuukuu aina ya MZ. Baada ya Sagua mvua iliwakuta, na barabara ya udongo ikagawanyika njia tatu. Hapakuwa na kibao, hapakuwa na mtu, wala mtandao wa kumpigia Yasmel. Dayamí alijibanza chini ya mti, maji yakimchuruzika usoni.

"Simu inasemaje?" alimuuliza.

Osmany aliitazama simu yake. Mshale wa buluu ulikuwa umesimama palepale walipokuwa, na mstari umejichora safi kwenda kushoto. La Yamagua, kilomita tisa. Lakini kwenye kile kioo hakuona mstari. Alimwona Yasmel amesimama mlangoni, na mzee akiiweka mikono ya wawili wale pamoja akiwa kitandani, na yeye Osmany pembeni ameshika kofia ya pikipiki.

"Haisemi kitu," alijibu. "Bila intaneti ni kioo tu. Turudi, tutakuja wiki ijayo na mtu anayeijua njia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sawa. Wewe ndiye fundi."

Mzee Eleuterio alifariki Alhamisi. Kwa desturi ya kule, walimzika kesho yake asubuhi, habari ikiwa haijamfikia Dayamí, aliyekuwa kazini, wodi ya wazazi, akipokea mtoto wa mtu. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Ya Osmany ilikuwa ya kilomita tisa, na kwa miezi mitano aliitembea kila siku, kwenda na kurudi.

Jioni ile baada ya Nereida kuondoka na simu yake, Osmany hakugusa chakula. Simu yake ililia, ujumbe wa Dayamí ukaingia:

"Mpenzi, nisamehe kwa nilivyokuangalia mbele ya Nereida. Najisikia vibaya kukushuku. Wewe ndiye uliyenishika mkono wakati wa msiba."

Aliusoma mara nne. Kama Dayamí angemtukana, angevumilia. Lakini kuombwa msamaha! Aliandika "Usijali", akafuta. Akaandika "Nakupenda", akafuta hilo pia.

Asubuhi alimfuata hospitali. Walisimama uani, karibu na kamba za kuanikia mashuka.

"Kuna nini? Nguo imekataa kukuenea?" Dayamí alitania.

"Nilikudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Simu. Siku ile ilikuwa inaijua njia. Setilaiti haihitaji intaneti, iwe milimani, iwe wapi. Ramani nilikuwa nimeshaipakua. Ilionyesha njia ya kushoto. Kilomita tisa."

Dayamí hakupiga kelele. Alishika shuka lililokuwa karibu, akalikunja ncha.

"Tisa."

"Tisa."

"Kwa pikipiki ni nusu saa."

"Kwa matope yale, labda dakika arobaini."

"Unanisahihisha dakika, Osmany?"

Dayamí aliliachia shuka.

"Kwa nini?"

"Yasmel," alisema, na jina lenyewe likamtia aibu. "Niliogopa ukifika kule, baba yako akuombe urudiane na mtu huyo, na wewe usiweze kumkatalia mtu anayekufa."

"Yasmel ana mke! Ana watoto wawili! Ungeniuliza!" Sasa sauti ilipanda, na muuguzi mmoja akachungulia dirishani. "Nilikuambia baba yangu anakufa, wewe ukaona wivu. Nililia kifuani kwako, Osmany. Na ulinibembeleza. Ulikuwa unanibembeleza kwa jeraha la kisu ulichonichoma mwenyewe!"

"Najua."

"Hujui. Jumapili utanipeleka."

"Na harusi ya Jumamosi?"

"Harusi gani?"

Jumamosi ilipita bila keki wala shampeni. Jumapili walipanda ile MZ, na kwa saa nne Dayamí alishika chuma cha nyuma ya kiti badala ya kiuno chake. Penye njia tatu akamgonga bega.

"Simama. Nipe."

Akachukua simu. Mtandao sifuri, na mshale wa buluu umetulia kama siku ile. Dayamí aliusogeza mstari kwa kidole mpaka mwisho wake, akarudi nao mpaka mwanzo. Kisha akaanza kulia, simu ameikumbatia, na Osmany hakuthubutu kumgusa.

La Yamagua kulikuwa na nyumba saba na harufu ya kahawa iliyoanikwa sakafuni. Yasmel aliwapokea, mnene kidogo, mtoto mmoja amemshika suruali. Mkewe alileta kahawa vikombe vinne.

"Pole sana, dada," mke yule alisema. "Mzee tuliishi naye kama baba yetu."

"Alisema chochote kuhusu mimi?" Dayamí aliuliza.

Yasmel akamwangalia mkewe.

"Mwambie," mke alisema. "Ni haki yake."

"Jumapili ile aliniamuru nimnyoe ndevu. Akavaa shati lake jeupe, akataka kiti kiwekwe nje, mvua inanyesha, tukambishia, akashinda yeye. Alasiri akasikia pikipiki mbali, ng'ambo ya bonde. Akasema, 'Huyo ni binti yangu.' Akanyoosha kola." Yasmel akampakata mtoto. "Kisha mlio ukawa unapungua. Nikamwambia, mzee, labda ni mtu mwingine. Akasema, 'Labda.' Alikaa pale mpaka tulipomwingiza ndani."

Hakuna aliyekunywa kahawa. Osmany angeweza kukaa kimya. Dayamí hakuwa amemwambia mtu. Alisimama.

"Pikipiki ilikuwa yangu," alisema. "Tulifika pale njia tatu. Simu ilinionyesha hapa. Nikamdanganya haionyeshi, kwa sababu yako, Yasmel. Nilikuonea wivu."

Yasmel aliweka kikombe chini. "Mwanaume mzima," alisema. "Mimi simu ile nilishuka mlima kuipiga, saa mbili kwa mguu. Nilimpigia kwa ajili ya mzee. Hata uso wa Dayamí nilikuwa nimeanza kuusahau."

"Twende kaburini," Dayamí alisema. "Yote hayo ukamwambie yeye."

Na Osmany alimwambia. Alipiga magoti mbele ya msalaba wa mbao, akamweleza mzee ambaye hakuwahi kuonana naye, tangu mvua mpaka uongo, huku watu watatu wakimsikiliza nyuma. Alipomaliza, Dayamí alisema kwa utulivu, "Nenda nyumbani. Mimi nitabaki siku chache. Usinipigie."

Hakumpigia. Ila kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alipanda mlima. Alifyeka majani, akajenga ukingo wa mawe, akabadilisha msalaba ulioanza kuoza. Yasmel mwanzoni alimtazama tu kwa mbali. Safari ya tatu akamletea sururu. Safari ya tano Osmany alikuwa anapaka rangi nyeupe, aliposikia hatua nyuma yake.

"Yasmel kaniambia," Dayamí alisema. "Umekuja mara ngapi?"

"Hii ya tano."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningekuwa nimekuja kwa ajili yako."

Dayamí aliketi kwenye ukingo wa mawe. Rangi ilikuwa ikikauka kwenye brashi.

"Nikuambie ukweli," alisema. "Kuna siku nakusamehe asubuhi, ikifika jioni nimeghairi. Nakumbuka ile kola yake, naghairi. Sijui kama itaisha."

"Isipoisha?"

"Utaishi na mwanamke anayekununia jioni. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Na ukiona wivu?"

"Nitauliza. Hata swali likiwa la kipumbavu."

"Litakuwa la kipumbavu," Dayamí alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi pembe ya mdomo wake ilicheza. Akainama, akamwangalia usoni. "Msajili wa ndoa wa Holguín anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi iwe mapema. Kabla sijaghairi."

Walioana Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, bila gauni la kukodi, Nereida na Yasmel wakiwa mashahidi. Osmany alitia sahihi. Jioni Dayamí alinuna kweli, akala chakula chake uani peke yake. Osmany hakuuliza kwa nini. Alimpelekea kahawa, akaiweka karibu naye, akaketi kwenye ngazi mpaka Dayamí alipomwambia ajongee karibu.