Bamba la Nusu Inchi

Saa moja asubuhi, Jumanne tarehe 14 Agosti 1951, bamba la chuma lililoibwa kwenye stoo ya mgodi kule Geita lilipatikana nyumbani kwa fundi Thobias, limeegemezwa nyuma ya karakana yake. Lilikuwa na unene wa nusu inchi, na lilikuwa limekwisha kupindwa. Mtunza stoo, Marcel, ndiye aliyewaongoza polisi mpaka pale. Alisema Geita nzima hakuna mwingine awezaye kupinda chuma cha namna hiyo, na majirani wakatikisa vichwa kukubali, kama kawaida ya majirani.

Thobias akatiwa pingu. Lori la Mwanza lingeondoka saa nne, na aliyepelekwa rumande Mwanza hakuna aliyejua atarudi lini. Mkewe, Klara, alisimama mlangoni.

"Mwangaluka, Mama Sikujua," alisema Sajini Nkwabi, akimsalimu Kisukuma kwa jina la mwanawe.

"Mwangaluka, bhabha. Mume wangu si mwizi."

"Ngoja kwanza nilitazame hilo bamba."

Akalitazama kwa utaratibu wa kuudhi. Upande wa ndani kulikuwa na safu za alama za duara, zilizoachwa na kichwa cha jeki. Kila duara lilikuwa na pengo mahali pale pale. Tena, katikati bamba lilikuwa limepinda vizuri, lakini ncha zake mbili zilibaki bapa kama meza, shubiri nzima kila upande. Sajini akageukia tangi la maji ambalo Thobias alikuwa amelitengeneza mwaka uliopita. Lilikuwa duara kamili mpaka kwenye kiungo, pale ncha mbili zinapokutana.

"Fundi, ukipinda bamba unaanzia wapi?"

"Nchani, afande. Naliweka juu ya reli mbili, nakandamiza kidogo kidogo kwa jeki iliyozuiwa juu na gogo, lakini ncha hutangulia. Ukiziacha mwisho, jeki ikifika ukingoni bamba halina tena pa kuegemea. Ncha zinabaki zimenyooka na haziwezi kukutana."

"Jeki yako iko wapi?"

Klara aliileta mwenyewe. Kichwa chake kilikuwa kizima, meno yote yapo.

Sajini akaenda kwenye lori, lililosimama mbele ya nyumba, maana malori nayo hubeba jeki. Dereva, Theonest, alikuwa akipakia. Jeki yake ilikuwa na jino moja lililovunjika, na Sajini alipoipachika kwenye alama za bamba, pengo liliingia mahali pake barabara.

"Basi ni wewe, Theonest."

Dereva akatua mzigo chini. "Si mimi, afande. Marcel aliiazima Ijumaa, akairudisha jana jioni. Alisema nguzo ya nyumba yake imeliwa na mchwa, anataka kuinua paa."

Saa tatu na robo walikuwa kwa Marcel, Thobias na mkewe nyuma yao. Nguzo zote zilikuwa nzima, hazijaguswa na mdudu. Nyuma ya jiko kulikuwa na reli mbili zimelazwa chini, na juu yake gogo nene lililofungwa kwa minyororo, tumbo lake limebonyea kwa kusukumwa na kitako cha jeki. Chini ya magunia ya mahindi yalijaa mawe ya mgodini, yanayometa.

"Ulitaka kutengeneza pipa la kuyasagia haya mawe nyumbani," alisema Sajini. "Funguo za stoo unazo wewe. Bamba ukalichukua, ukalipinda, ncha zikakataa kukutana. Ukaona ulitupe kwa mtu ambaye kila mtu angeamini ni lake."

Marcel alikaa juu ya gunia. "Nimeyabeba mfukoni mwaka mzima, jiwe moja moja," alisema. "Watu wananunua mashamba na ng'ombe kwa dhahabu, mimi nawahesabia majembe."

Pingu zikahama mikono. Klara akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akavishika viganja vya mumewe na kuvisugua pale palipobanwa, bila kujali nani anatazama. Sajini akamtafutia kigoda.

Marcel alipokuwa akipandishwa kwenye lori, alimtazama Thobias. "Usiku wa siku tatu nimehangaika na zile ncha. Ningejuaje kwamba zinatangulia?"

"Ungeniuliza," alisema Thobias. "Ningekufundisha, Marcel. Wala nisingekuuliza unataka kutengeneza nini."